Marejeo ya Kisima cha Soko

9 Machi

Naanza kuandika leo, na sababu naitoa mapema ili mtu asije akasema mzee kapata wazimu. Binti yangu ameniambia usoni kwamba mimi siingii kwenye marejeo.

Binti yangu anafundisha chuoni. Huko wanamwita Daktari, ingawa mgongo wangu unaniuma mwaka wa ngapi huu na hajaugusa. Ameandika makala kuhusu visima vya mji wetu, kwa nini vinakauka, na anataka itoke kwenye jarida la wasomi. Nusu ya makala hiyo ni maneno ya kinywa changu. Nani mwingine angemwambia? Visima vya mji huu nimevichimba mimi, na kile cha soko ndicho kilichonipa jina. Watu wote wananiita Mzee Kina, kwa sababu hakuna kisima kinachokwenda chini kama kile. Na hakijawahi kukauka hata siku moja, tangu nilipokitoa maji mpaka walipokuja hawa wa juzi wakaifunika ardhi yote kwa saruji.

Sasa, mwisho wa makala kuna safu ndefu ya majina: fulani, mwaka fulani, kitabu fulani. Hayo ndiyo marejeo. Jana nilivaa miwani nikajitafuta. Simo.

"Baba, wewe umo ndani, kwenye mabano," akasema. "Mazungumzo binafsi. Kule nyuma wanakaa walioandika."

"Yaani aliyeandika habari za kisima anapewa kiti, aliyekichimba anasimama mlangoni?"

"Ndio utaratibu wa jarida, Baba. Si wangu."

Haya. Nimenunua daftari. Nami naandika. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na mwalimu alisema herufi zangu zimesimama wima kuliko za wenzangu wote. Hakusema kama zinasomeka, lakini wima ni wima.

11 Machi

Joto. Hakuna cha kuandika. Mimi mzima.

16 Machi

Makala imerudi. Binti aliisoma barua ya mhariri akiwa amesimama, begi bado liko begani. Waliopewa kuipitia wameipenda, lakini marejeo yamevurugika, hayafuati mtindo wa jarida. Wao wanataka namba. Anayetajwa kwanza ndani ya makala ni wa kwanza kule nyuma, anayetajwa wa pili ni wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Nukta mahali pake, mwaka mahali pake. Na kila mtu ambaye maneno yake yametumika lazima atie sahihi fomu ya ridhaa, kwamba amesoma alichonukuliwa na amekubali. Vyote viwafikie kabla Aprili haijaisha.

"Na Aprili ikiisha?" mke wangu akauliza.

"Mlango unafungwa, Mama. Mkataba wangu unakwisha na muhula. Mkuu wa idara kasema wazi: hakuna makala, hakuna mkataba."

Mke wangu akachukua sahani. Sote tunakumbuka binti alivyotembeza vyeti akitafuta kazi mara ile ya kwanza. Alikuwa akirudi jioni viatu vimelika upande, anakaa mpaka chakula kinapoa.

Nikamwambia, "Fomu yangu lete hata sasa hivi."

"Subiri maandishi yatulie, Baba. Utie sahihi kitu ulichokisoma."

Nilimlea vizuri.

20 Machi

Wingu lilikusanyika juu ya soko, likaghairi.

24 Machi

Mvua imefika, na umeme umeondoka kama kawaida yake. Kompyuta ya binti imezimika. Hakukaa bure. Amekata vipande vya karatasi ngumu, na kila kipande kakiandika mtu mmoja na kitabu chake na mwaka wake, kisha kavitandaza sakafuni sebuleni kwa mpangilio anaoutaka. Namba hajaviwekea. Anasema ataziweka mwishoni, kwa sababu akimwongeza mmoja katikati wote wanasogea.

Tunatembea tumebana ukutani kama wezi. Jirani yangu Karani, aliyefanya kazi ya mafaili mahakamani mpaka akastaafu, alichungulia mlangoni akacheka.

"Mzee Kina, leo umefukuzwa sebuleni na karatasi?"

"Wageni wa binti yangu hao. Wasomi watupu. Vua viatu."

"Na wewe umekaa wapi humo?"

Nikamwambia mimi niko kwenye mabano. Akauliza mabano ni nini, kwa sauti ya mtu anayejua.

27 Machi

Leo nimeokoa jahazi. Binti yuko chuoni, mke wangu kwa dada yake, upepo ukalisukuma dirisha na vikaratasi vyote vikaruka. Vingine chini ya kabati, kimoja ndani ya kiatu changu. Nilipiga magoti na mgongo huu huu, nikaviokota vyote.

Lakini vikae vipi? Namba hakuna. Nikawaza kidogo tu. Mkiwa na wageni msiowajua vyeo vyao mnawakalisha vipi? Kwa umri. Kila kikaratasi kina mwaka wake. Basi aliyeandika zamani zaidi nikamweka mbele, wanaomfuata wakamfuata, na vijana wa juzi nikawapeleka mkiani. Safu ilipendeza. Hata mhariri angeona kwamba nyumba hii ina adabu.

Sikumwambia binti. Kazi nzuri haijitangazi. Karani nimemwambia.

30 Machi

Umeme umerudi. Binti anapiga chapa kwa kufuata vikaratasi, kimoja baada ya kingine. Macho mekundu.

3 Aprili

Mvua. Bado anapiga chapa.

9 Aprili

Siku mbaya.

Alikuwa akipitia makala mara ya mwisho, mezani, chai imepoa pembeni. Nikamwona amesimamisha kidole. Akarudi nyuma, akaenda mbele. Akasoma kwa sauti: "'Udongo mfinyanzi huzuia maji yasizame.' Namba saba." Akafungua nyuma. "Saba ni kitabu cha kipindupindu."

Akajaribu nyingine. Sentensi ya mvua za mwaka inampeleka msomaji kwa mtu aliyeandika habari za mabomba. Sentensi ya mabomba inampeleka kwenye ramani.

"Baba. Nani amegusa vikaratasi?"

"Upepo."

"Upepo haupangi, Baba. Hivi vimepangwa."

"Baada ya upepo, nilivipanga mimi. Kwa umri."

"Kwa umri?"

"Ulitaka nimtangulize mtoto wa juzi mbele ya mtu aliyeandika mimi sijazaliwa? Hukulelewa hivyo."

Mke wangu alitoka mbio, kitambaa mdomoni, mabega yanatikisika. Binti hakucheka. Aliketi pale pale sakafuni, mahali vikaratasi vilipokuwa.

"Baba," akasema taratibu, "ile haikuwa safu ya watu. Ilikuwa njia. Msomaji akitaka kujua neno langu nimelitoa wapi, anafuata namba anafika. Majina ndani ya makala nimeshayafuta nikaweka namba tupu, sasa nimewapoteza wote. Itabidi nifungue kila kitabu upya, nitazame kila sentensi imetoka ukurasa gani. Na siku zenyewe hizi."

Nikasema kosa ni la yule asiyeweka namba. Nimelisema na silifuti. Lakini chakula cha jioni sikukimaliza.

10 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Anafungua vitabu.

12 Aprili

Nilimpelekea chai. Akasema asante Baba, bila kuinua kichwa.

15 Aprili

Nitaandika polepole.

Alikuja kibarazani mchana, mvua inapiga bati, ameshika nakala ya ripoti kuukuu. Ripoti hii alikuwa nayo tangu zamani, ila aliitaka kwa hesabu za mvua tu, akanakili ukurasa mmoja akaiacha. Juzi, kwa sababu ya zile namba, ilibidi aifungue yote. Akasoma ukurasa unaofuata.

"Baba, mwaka ule wa ukame mkubwa, kabla sijazaliwa. Kisima cha soko kilikuwaje?"

"Kilikuwa na maji. Nimeshakwambia. Hakijawahi kukauka."

Akanisomea. Bwana maji, ofisa wa serikali wa enzi hizo, ameandika hivi: kisima cha soko kilikauka kabisa, wachukuzi wa soko wakashuka kwa kamba, wakakichimba zaidi mpaka maji yakaonekana tena.

Nilisikia masikio yanapiga filimbi. Wachukuzi! Wale wabeba magunia! Waliongeza kina kwenye kisima cha Mzee Kina!

"Huyo bwana maji alishuka yeye mwenyewe?"

"Sijui, Baba."

"Basi aliandikia kitini. Mtu wa kitini anajua nini?"

"Huenda alikosea. Lakini kaandika, na ameandika mwaka ule ule. Lazima nimweke. Maneno yako yatabaki kama ulivyosema, na yake yatakaa ubavuni na namba yake."

"Kwa hiyo msomaji aone mzee anasema hivi, halafu papo hapo aone mzee ni mwongo."

"Aone watu wawili wamesema tofauti."

"Nivuliwe nguo sokoni, halafu nitie sahihi kwamba nimevuliwa na nimeridhika!"

Nikamuuliza, ukiyatoa maneno yangu? Akasema sehemu yote ya katikati inaanguka, kwa sababu tabaka za udongo ni zangu, hakuna mwingine aliyezieleza. Nikamuuliza tena, kwa sauti ndogo, na huyo bwana maji ukimwacha alipokuwa? Nani atajua?

"Nimeshamwona, Baba. Siwezi kumwona halafu nisimwone."

Nikamwambia fomu sitii sahihi. Akasema, "Sawa, Baba," akaondoka. Afadhali angepiga kelele.

16 Aprili

Sikutia sahihi.

17 Aprili

Mvua. Sikutia.

18 Aprili

Fomu imewekwa mezani, kalamu juu yake. Hakuna anayeitaja. Tunakula tukiizunguka kama vile kuna mtu amelala pale.

20 Aprili

Karani kaja. Habari kazipata, sijui kwa nani, na katika nyumba hii mwenye mdomo ni mimi tu.

"Nasikia karatasi imekukana, Mzee Kina."

"Karatasi haikushika sururu."

"Mahakamani tulikuwa tunasema, shahidi akigoma kutia kidole, kesi inakufa."

"Na ife."

"Kesi ya nani?" akauliza. "Si ya mwanao?"

Nilimwambia mvua imepungua, anaweza kwenda kwake. Haikuwa imepungua.

23 Aprili

Binti karudi na boksi. Kikombe chake cha ofisini, kalenda, ile picha yetu watatu. Kaliweka nyuma ya mlango wa chumba chake. Nikauliza vitu hivi vya nini, akasema anapunguza mapema ili siku ya mwisho asibebe vingi mbele za watu.

Marejeo ameyamaliza. Yote yamenyooka, kila namba inafika kwake. Kasema hivyo bila furaha, kama fundi aliyemaliza nyumba isiyo na wa kuhamia.

25 Aprili

Leo ni mke wangu.

Nilikuwa jikoni natafuta chumvi, yeye anachambua mchele. Nikaanza kama kawaida yangu: huyo bwana maji, mtu wa kitini, mzushi.

"Kilikauka," akasema.

"Nini?"

"Kisima. Kilikauka." Wala hakuacha kuchambua. "Nilikuwa na mimba ya huyu huyu unayemnunia. Nilikuwa nikishusha ndoo inapanda na matope, halafu ikawa inapanda na vumbi. Tukahamia bomba la hospitali. Foleni tangu alfajiri, nimeshika kiuno hivi."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikwenda mbali, kuwachimbia watu wa shule kisima chao. Umesahau? Ulirudi mtoto keshazaliwa. Na wachukuzi walikuwa wameshashuka. Yule mfupi wao, aliyekuwa na kitambaa kichwani, alitolewa amezimia. Mvua zikaja, kisima kikajaa. Wewe ukafika, ukasimama pale ukingoni ukawaambia watu: mnaona, ukame wote huu, kisima changu hakitikisiki."

"Na wewe hukuniambia!"

"Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni, mzee wangu. Nilikuwa na nguvu za kulea mmoja tu."

Akapepeta ungo. Nikabaki nimeshika chumvi.

"Miaka yote hii," nikasema.

"Ulikuwa unafurahi," akasema. "Na maji yalikuwepo. Kulikuwa na ubaya gani? Lakini sasa ubaya upo. Upo kwenye boksi, nyuma ya mlango."

26 Aprili

Mke anaweza kusahau. Bwana maji anaweza kukosea. Kamba haina maneno.

Kamba yangu ya kupimia kisima kile ninayo mpaka leo, na jiwe lake mwishoni, nimeitundika stoo. Siku nilipofikia maji, nilifunga kitambaa chekundu mahali kina kilipoishia. Kitambaa kikigusa ukingo, jiwe linagusa chini. Tangu siku ile sikupima tena. Fundi gani anapima kazi yake mara mbili? Hupima asiyejiamini.

Nimekwenda sokoni asubuhi, mvua ya manyunyu, wauzaji ndio kwanza wanafunua maturubai. Nikateremsha jiwe taratibu. Likagusa maji, nikasikia. Likaendelea. Kitambaa kikafika ukingoni, rangi imepauka lakini ni chenyewe. Nikasubiri kamba ilegee mkononi.

Haikulegea. Jiwe lilikuwa linaning'inia.

Nikasema labda nimekosea kushika. Nikalivuta, nikateremsha tena. Kitambaa kikafika ukingoni, na jiwe bado linaning'inia. Nikaachia. Kitambaa kikaingia kisimani, nikakitazama kinashuka, kinashuka, mpaka nikawa nimeinama siioni tena rangi yake. Hapo ndipo kamba ilipolegea.

Muuza nyanya akaniuliza, "Mzee Kina, umedondosha ndoo?"

"Napima."

"Si ulikichimba mwenyewe?"

Watu wa soko hili wana maswali.

Nilipita pale wanapopumzikia wachukuzi. Hawa wa leo ni watoto wa wale, au wajukuu. Wamekaa juu ya magunia matupu wanakwepa mvua. Mmoja akanipisha nikae. "Shikamoo, Mzee Kina," akasema. Na wengine nao wakasema, wote, Mzee Kina, Mzee Kina. Sikukaa.

27 Aprili

Mvua. Sikuandika kitu, na hata hiki sikiandiki.

29 Aprili

Nimemwita binti mezani. Nikamwambia nisomee.

Akasoma. Kwanza mimi: kisima hakijawahi kukauka kabla ya saruji, kwa maneno ya aliyekichimba, mazungumzo binafsi. Halafu: lakini ripoti ya mwaka ule inaonyesha kwamba kilikauka, kikaongezwa kina na wachukuzi wa soko. Na namba.

"Umekosea," nikasema.

Nilimwona anafumba macho.

"Umeacha shahidi. Mama yako alikuwa na ndoo mkononi. Huyu bwana maji hatujui kama alitia mguu pale. Mama yako alikuwepo. Mweke."

Mke wangu akaja mlangoni na mikono yenye maji. "Mimi? Mimi nilichimba nini?"

"Hakuna aliyesema ulichimba. Ulichota. Njoo hapa, kuna fomu."

"Baba," binti akasema, "una hakika? Watakuwa wawili dhidi yako sasa."

"Watatu. Wa tatu ni kamba yangu, nimekipima kisima nayo. Kamba unaweza kuiandikia namba?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu ile mvua ya kwanza, halafu akawa analia huku anacheka, na mama yake akamfuta kwa ile mikono yenye maji, akamlowesha zaidi. Nikatia sahihi. Wima. Mke wangu naye akatia, kwa mwandiko mzuri uliolala kidogo, sijui kajifunza wapi kuandika vile.

Karani akisikia atasema nimeshindwa. Nimeshindwa na nani? Mimi ndiye niliyemleta shahidi.

30 Aprili

Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika. Uliporudi tena binti alibonyeza, tukasimama nyuma yake mimi na mama yake hatupumui. Akasema, "Imekwenda."

8 Mei

Manyunyu. Kimya.

22 Mei

Jua. Wameikubali! Mkuu wa idara kampigia simu mwenyewe, mkataba umeongezwa. Boksi limerudi chuoni, nimelibeba mimi mpaka getini na mgongo huu huu, na mlinzi nikamwambia humu kuna vitu vya Daktari, asilitikise.

Jioni nilimuuliza binti: daftari kama hili langu, mtu akitaka kulitaja kwenye marejeo, linaruhusiwa? Akasema linaruhusiwa, Baba, ni andiko ambalo halijachapishwa, ila lina mwandishi na lina tarehe. Lakini akaniambia, andiko linalotegemewa nalo lazima lionyeshe limetoa wapi habari zake.

Sawa. Mtindo wao nimeushika. Haya hapa ya kwangu, na sikuyapanga kwa umri. Mimi ni mkubwa kwa mke wangu, hilo halina mjadala. Ila pale kisimani yeye alikuwepo.

1. Mke wangu. Mazungumzo binafsi, jikoni, 25 Aprili. Kisima cha soko kilikauka.

2. Wachukuzi wa soko. Kazi ya mikono, mwaka wa ukame. Bado iko chini ya kitambaa chekundu.

3. Mimi.